Fingo Kando ya Sanduku la Jua

Kigombe, Jumanne, 19 Machi 2024

Mimi Uweso bin Idarusi, miaka yangu sabini na minane, na kama nimekosea basi nimejipunguzia. Nimezika wake wawili. Nimemaliza mameneja sita wa shamba la mkonge, wote wamekuja wameondoka, mimi nipo. Nimepita kipindupindu, nimepita unga wa yanga wa miaka ya njaa, na vita vya Kagera nimevipita bila kuitwa, lakini nilikuwa tayari. Kusoma nimesoma kisomo cha watu wazima. Cheti ninacho, panya wamekula kona moja tu.

Daftari hili kanipa Anastazia, binti wa Chumbageni. Baba yake Zebedayo alikuja manamba kutoka Songea, tumekata naye mkonge shamba moja. Sasa binti yuko chuo kikuu anasomea mambo ya anga. Leo kazika sanduku lake shambani kwangu, kwenye minazi, kifuniko kimebaki nje, lina waya na kioo kidogo cha kula jua. Kazi yangu ni kulilinda, na kila siku kuandika mvua imenyesha au haikunyesha. Kasema mstari mmoja unatosha. Mstari mmoja ni wa watoto.

Yeye na wenzake wa chuo wamezunguka Kigombe nzima wakitafuta nyumba isiyo na bati. Sanduku linapima sumaku ya dunia, na chuma kikiwa karibu linachanganyikiwa. Nyumba yangu ni makuti mpaka leo. Shemeji yangu Mselem, kaka yake mke wangu Saleha, miaka yote ananicheka kwa hayo makuti. Leo kasimama barabarani na bati lake nyuma yake, anatazama.

Sharti ni moja. Jembe, panga, baiskeli, hata mkanda wenye chuma, visivuke mstari wa minazi ya mwisho. Nimemwambia binti hiyo ni amana, na amana kwangu haijapata kupotea.

Nikamuuliza, "Mnatafuta nini mwezini kupitia shimo langu?"

Akacheka. "Siendi mwezini, babu. Watu wakisikia anga wanaona roketi tu. Elimu hii ni pana. Wako wanaochunguza jua, wako wa sayari na nyota, wako wanaotazama mvua na mashamba yetu kutoka juu. Mimi nimeshika kipande kidogo, vile jua linavyoitikisa sumaku ya dunia."

"Na hayo yameanza lini?"

"Kabla ya roketi. Watu walitundika sindano ya dira kwa uzi, wakaiona inatetemeka yenyewe siku ambazo jua limechafuka. Wakauliza kwa nini. Baadaye wakarusha maputo, baadaye roketi, ili wakaulize huko huko juu."

Nikamwambia roketi mimi nimeiona kabla mama yake hajazaliwa. Nilikuwa Malindi nauza madafu, mwaka sabini, Wataliano wakaifyatua baharini mchana kweupe. Watu walikimbia wakidhani Kiyama. Mimi nilisimama.

"Alisimama chini ya mtumbwi," Saleha akasema.

Anastazia akaruka kwa furaha. Kasema ile ilibeba chombo kilichoitwa Uhuru, kwenda kutafuta miale inayotoka kwenye nyota, na wanafunzi wanasomeshwa habari zake hadi leo. Basi mimi nimo katika elimu hii tangu zamani.

Jambo moja tu sikulipenda. Kasema jua linapuliza. Usiku na mchana linatoa upepo usiohisiwa, unaipiga dunia, na sanduku linasikia. Nilicheka. Alipoondoka nikahamisha mkeka wangu kivulini.

20 Machi

Mvua.

23 Machi

Mvua kidogo. Mselem kapita asubuhi. "Shemeji, umelikaribisha jua nyumbani. Litafuturu nini?" Nikamwambia litafuturu wivu wako.

2 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Baada ya swala watu watatu wameniuliza kama ni kweli sanduku linavuta mawingu. Nimewajibu linapima sumaku. Mmoja akasema sumaku ndiyo inayovuta. Nikajifanya nimeitwa na mtu.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua ya tangu juzi haijakatika. Maji yameingia nyumba za bondeni, watu wamelala msikitini. Saa tisa alasiri radi imepiga mnazi wangu, mnazi wa karibu kabisa na sanduku, ukapasuka toka juu mpaka chini, na mbuzi wa Mselem aliyefungwa pale amekufa amesimama. Naandika kama nilivyoona. Amesimama.

Siogopi radi. Lakini nilipokwenda kutazama, sanduku lilikuwa na taa ndogo ya kijani inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kama jicho la mtu anayejua jambo. Nikarudi kinyumenyume.

Jioni Mselem akaja na watu. "Uweso, kila mtu anajua bahari ina wenyewe, msitu una wenyewe. Jua nalo halina mwenyewe? Mnalichokonoa, linajibu."

Nikasema hii ni elimu.

"Elimu imeua mbuzi wangu."

15 Aprili

Mvua. Sikulala. Nikifumba macho naiona ile taa.

Jumatano, 17 Aprili

Nimefanya jambo, na nimelifanya kwa akili.

Watu wanasema watalivunja sanduku. Mimi nimeahidi kulilinda. Na mimi mwenyewe, sisemi naogopa, nasema sipendi kulala karibu nalo. Dawa ya yote mawili ni moja, nayo ni fingo. Fingo ni chungu kinachozikwa kulinda mji, kizuie kibaya kisiingie na kilichomo kisitoke. Hapa pwani kila mtu anajua fingo, na asemaye halijui basi lake liko chini ya kizingiti.

Nimemwita Tahiri, fundi wa mafingo, kutoka Mwera. Kaja na mwavuli uliovunjika na heshima zake zote. Ndani ya chungu katia misumari saba ya merikebu, kipande cha reli ya shamba la mkonge, na vitu vyake ambavyo sikuruhusiwa kutazama. Mselem ndiye aliyechimba, kwa jembe lake. Alijileta mwenyewe, anaogopa kuliko mimi. Tumezika hatua chache kutoka sandukuni, alasiri, mvua inatupiga migongoni.

Mselem akauliza, "Na yule binti si alikataza chuma?"

Nikamjibu. Amekataza chuma kisipite. Kilichozikwa hakipiti. Hata maiti akishazikwa huwezi kusema yupo njiani.

Fundi akatupa sharti lake. Fingo halifukuliwi. Anayeweza kulifukua ni mwenyewe aliyelizikisha, na akilifukua, kila lililokuwa limezuiwa litamrudia yeye peke yake, na hamalizi mwaka.

Nikasema nani atafukua? Tukacheka wote watatu. Kicheko cha Mselem kilikatika mapema.

18 Aprili

Mvua. Nimelala kama mtoto.

27 Aprili

Mvua. Hakuna anayesema kuvunja. Mselem amewaambia watu "mambo yamewekwa sawa".

Jumamosi, 4 Mei

Redio imetangaza kimbunga tangu jana. Saleha kafunga makuti kwa kamba za katani, sokoni hakuna mtu. Kimbunga kikaishia huko kusini. Kwetu kimeleta upepo wa kupeperusha kanga tu.

"Unaona?" Mselem kasema. "Chungu kinafanya kazi."

Mvua.

Alhamisi, 9 Mei

Mwandiko leo ni mbaya, atakayesoma anisamehe.

Anastazia kaja saa nne. "Shikamoo babu." Marahaba. Kafungua sanduku, kachukua kilichoandikwa mle tangu Machi, kakiweka kwenye kompyuta yake juu ya mapaja, na Saleha kamshikia mwavuli. Nikaona mstari. Kila siku unapanda mchana na kushuka jioni, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Binti akasema ndiyo jua hilo, ukipanda ni jua limepanda. Niliupenda ule mstari, sikatai.

Halafu tarehe 17 Aprili umeruka. Umeruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na haukurudi. Kuanzia hapo unateleza, kidogo leo, kidogo kesho.

"Babu, kuna chuma kimeletwa hapa?"

"Hakuna."

"Kikubwa kidogo. Kama kimefukiwa, mvua inakizamisha kwenye tope, ndiyo maana mstari unateleza."

"Mwanangu, mimi ni Uweso. Nzi mwenye chuma hapiti hapa."

Akanitazama. Nilitaka abishe. Angebisha ningemgombeza, na katika kugombeza mtu hupata njia. Hakubisha. Kasema, "Basi kama umesema wewe, mashine yangu ndiyo mbovu. Nimeiunganisha vibaya." Akavua miwani akaifuta kwa kanga ya Saleha, na aliifuta muda mrefu kuliko miwani inavyotaka.

Kisha akasema lililobaki. Juani kuna doa, pana kuipita dunia mara nyingi. Limeanza kutema. Yaliyotemwa yako njiani, kesho usiku au keshokutwa yatatufikia.

Saleha akauliza tutaungua?

"Hapana, bibi. Huku kwetu hutahisi kitu. Watu wa kaskazini wataona mbingu nyekundu. Lakini sumaku ya dunia nzima itatikisika, na kubwa namna hii haijatokea yapata miaka ishirini. Pwani hii sikio letu ni sanduku hili tu. Mstari ukiwa unateleza hivi hatutajua kipi cha jua na kipi cha tope." Kasema hakuna muda wa kulizika kwingine, likizikwa linataka siku nyingi kutulia. Mwalimu wake ameshamwambia, kituo cha Kigombe kikikosea mara hii kitafungwa, na masomo yake yamesimama juu ya kituo hiki. "Nitarudi Jumamosi kulichukua, babu. Umelilinda vizuri, kosa si lako."

Kosa si langu. Kaniamini bila kuuliza tena.

Nimekwenda kwa Mselem. Nimemwambia lazima litolewe.

"Una wazimu? Kesho jua linakuja, na leo unataka kuondoa kinachozuia? Kila lililozuiwa litakurudia wewe. Kimbunga kile, radi ile, na hilo linalokuja. Yote juu ya kichwa kimoja cheupe."

"Basi njoo tufukue pamoja."

Akaingia ndani akafunga mlango. Mlango wake wa bati. Nimesikia komeo mara mbili.

Jicho la kushoto linacheza tangu magharibi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeswali Ijumaa. Nimewasalimia watu niliowanunia, wameshangaa. Nimerudi nyumbani nimemwambia Saleha nina neno.

"Najua," kasema. "Chungu changu cha maharage kimekwenda wapi? Ulifikiri sitakitafuta?"

Nikamweleza sharti la fundi. Aliposikia hamalizi mwaka akaendelea kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Mwisho akasema, "Binti wa watu amefuta machozi kwa kanga yangu. Sitaifua kanga hii huku najua chungu kilipo."

Jembe haliruhusiwi karibu na sanduku, na safari hii sikutaka kuvunja sharti. Tumefukua kwa vifuu na mwiko wa ugali. Saa kumi kasoro, mvua nyembamba. Udongo ulikuwa tope tupu, ukitoa kifuu kimoja kinarudi kingine. Malindi nilisimama, leo nimepiga magoti. Ile taa ya kijani inawaka na kuzima pembeni yangu. Nilisoma kila sura niliyoijua, nikairudia, nikachanganya mwanzo wa moja na mwisho wa nyingine.

Mwiko ukagonga. Saleha akanyoosha mkono, nikaupiga kofi. Fundi kasema mwenyewe tu. Nikaingiza mikono miwili nikavuta. Chungu kilikuwa kizito kuliko nilivyokizika, kimepasuka, misumari imeota kutu nyekundu, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu vilevile. Nilitapika. Saleha ameona, siwezi kuficha.

Nikakibeba kifuani mpaka nje ya mstari wa minazi. Sikuangalia juu hata mara moja. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mselem nikakiweka chini ya upenu wake. Nikamwambia kupitia mlango, "Kwako bati limejaa, chuma kimoja zaidi hakitakuzidishia."

Sasa ni baada ya magharibi. Nimekaa na mgongo ukutani. Redio inakoroma, haishiki stesheni. Nimeizima. Nimeiwasha, bado inakoroma. Saleha kashika mkono wangu. Likija, lije. Mimi niko hapa.

Jumamosi, 11 Mei

Niko hai. Mvua hakuna.

Anastazia kaja mbio, hata shikamoo kaitoa akiwa ameshapiga magoti sandukuni. Kisha akapiga kelele. Saleha akadhani nyoka.

"Babu! Njoo uone!" Mstari umeshuka Ijumaa alasiri, umerudi mahali pake pa Machi, umetulia. Na saa mbili usiku umeruka juu ghafla, halafu umeporomoka kama mnazi uliokatwa. Usiku kucha unapigwa, unainuka, unapigwa. Hilo ndilo jua. Nimeliona lilivyopita juu ya nyumba yangu nami nimekaa ukutani.

Akageuka polepole. "Umeshuka saa kumi, kabla dhoruba haijafika. Nani katoa chuma?"

"Aliyekitia."

Sikuinua uso. Nilingoja anitukane. Akakaa juu ya kifuu, kwenye tope, na suruali yake safi. "Kwa nini hukuniambia kuwa unaogopa?"

Nikasema mimi siogopi. Akasema sawa, babu.

Halafu akanieleza. Zile wiki tatu zilizoharibika zinaweza kutengenezwa, kama itajulikana kwa hakika chuma kiliingia siku gani na wakati gani, na kilikuwa chuma gani. Lakini mwalimu wake hatapokea neno la mzee mmoja aliyekwisha kukana. Anataka mashahidi walioona. Mpaka hapo sanduku linabaki kwangu.

Mashahidi. Maana yake Mselem aseme mbele ya watu.

Jumapili, 12 Mei

Mtandao wa simu umekatika mji mzima. Vijana wanainua simu juu kama wanaomba dua. Mselem anawaambia, nimeambiwa, kwamba Uweso ameondoa kinga na jua limeanza kula. Goti langu limevimba.

Jumatatu, 13 Mei

Wamekuja saa tatu, watu kama kumi na tano, mbele Mselem na jembe lake begani. Lile lile.

Nimesimama kwenye mnazi wa mwisho. Nikasema, "Jembe hilo lisivuke hapa."

"Uweso, pisha. Kwanza mafuriko, kisha mbuzi, sasa mtandao. Unangoja watoto wafe?"

"Redioni wametangaza, nyaya zimekatika chini ya bahari."

"Nani kazikata? Pweza?"

Watu wakacheka, lakini hawakurudi nyuma. Mmoja akaokota jiwe. Nilijua nikisema, nimemfichua Mselem na siri yake, na lile lililozuiwa na chungu linafunguka zaidi juu yangu. Nikasema hata hivyo.

"Tarehe 17 Aprili tulizika fingo hapa. Mimi nililiagiza, fundi Tahiri wa Mwera alilitia dawa. Waulizeni nani alilichimbia shimo, kwa jembe lipi."

Macho yote yakamwendea Mselem, kisha jembe. Akasema mzee amechanganyikiwa. Hapo Saleha akatoka ndani, mwiko mkononi.

"Kaka, chungu kiko kwenye upenu wako tangu Ijumaa. Umekilalia siku tatu. Kama kinaua, mbona umeshindwa kufa? Na kama hakiui, mbona umekuja na jembe?"

Mtu wa nyuma akaanza kucheka, akafuatiwa na mwingine. Nikamwona Mselem midomo inavyotetemeka, nikajua siku zote hizi alikuwa amefungwa mle ndani na komeo mbili, na chungu mlangoni, hana wa kumshika mkono. Nilikuwa nikimwona mshari. Ni mtu mwenye hofu tu, na bati.

Akashusha jembe. Akalitupa upande wa barabara, si upande wa sanduku.

"Nilichimba mimi," kasema. "Alasiri. Mvua ilikuwa inanyesha. Mbuzi wangu bado namdai."

20 Mei

Mtandao umerudi. Waliotaka kuvunja wameinamia simu zao, hata kunisalimia hawakumbuki.

27 Mei

Manyunyu. Jicho bado linacheza.

Jumapili, 2 Juni

Masika yameisha. Anastazia kaja na mwalimu wake, mtu mnene mwenye viatu vya mjini. Kituo hakifungwi. Mselem kahojiwa, kavaa kanzu ya Idi. Kaeleza jembe, saa, mvua, mpaka mwalimu akamwomba apumzike. Misumari na reli wamevipima kwenye mizani wakavichukua. Nimefurahi vimeondoka Kigombe.

Fundi Tahiri hajabadili neno. Kasema hamalizi mwaka, na mwaka haujaisha. Goti halijapona. Jana bundi kalia juu ya makuti, nikamtupia ndala. Jua likichomoza naligeuzia bega kwanza, kisha uso.

Kwa hiyo nikifa kabla ya vuli, watakaosema ameuliwa na sanduku ni waongo, na watakaosema ameuliwa na fingo wangoje kwanza, kwani mtu wa miaka yangu hahitaji sababu. Kwamba tulilizika Jumatano ile alasiri, shahidi ni Mselem aliyechimba na Tahiri aliyelitia dawa. Kwamba nililitoa Ijumaa kabla jua halijafika, kwa mikono yangu, shahidi ni Saleha mwenye chungu, na mstari wenyewe, ambao Anastazia atamwonyesha yeyote atakayeomba. Kwamba Malindi nilisimama, shahidi amekufa.

Na kwamba niliogopa, na bado, shahidi ni Saleha peke yake, naye nimemwomba asiseme.